Tairi za Mkwe Wangu na Mlima wa Lydia

Jumapili, 2 Novemba

Valeria kanipa daftari hili leo baada ya misa. Kasema, "Mama, ukiwa na la kumgombeza mtu, liandike kwanza, halafu uangalie kama bado linafaa kusemwa." Nimeandika. Nimeangalia. Bado linafaa kusemwa. Lakini naendelea kwa sababu daftari lina maua juu yake na sipendi vitu viharibike bure.

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma nusu. Atakayesoma hapa akaona kosa, ajiulize nani alimtuma kusoma.

La leo ni hili. Lydia, mtoto wa kwanza wa Valeria, kapiga simu kutoka Uskochi alikoolewa na Ian, yule mzungu wake anayetunza misitu huko milimani. Tumbo tulikuwa tunalijua. Tusilolijua ni kwamba anaogopa. Mama yake Ian alishafariki, Ian mwenyewe anashinda porini, na mtoto anatarajiwa mwisho wa Januari. Huyu Lydia kazaliwa hapahapa London, Kiswahili anakisikia tu, ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Leo kasema kwa Kiswahili kitupu: "Bibi, njoo wewe. Nataka unikande."

Nikakaa chini. Wanawake wa ukoo wetu wote waliojifungua, niliwakanda mimi, kwa maji ya moto na kitambaa, mpaka mwili ukarudi mahali pake. Sina cheti kingine duniani.

Nikasema naja. Mkwe wangu Evodius alikuwa jikoni. Akamwambia Valeria, kwa sauti ya kunifikia sebuleni: "Mwambie mama, gari letu lina tairi za kiangazi, na mlima wa kwa Lydia una theluji Januari. Lazima kwanza tuchague tairi."

Nikamwambia Valeria: "Mwambie mume wako tairi ni tairi."

Niliandike na hili, lijulikane. Kwetu Bukoba mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasemeshani uso kwa uso, hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja. Ni heshima. Sisi tunaishi flati moja ya kaunsili, nyumba za manispaa, hapa Tottenham, ghorofa ya tatu, choo kimoja, na heshima ipo palepale. Maneno yote yanapita kwa Valeria, hata kama chumvi ninayoiomba iko mbele ya mkono wake Evodius.

Jumatano, 5 Novemba

Wazungu wanalipua fataki kama wamevamiwa. Mvua. Evodius anasoma habari za tairi kwenye simu.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua. Anasoma.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo nimeona maajabu. Evodius kaunda kamati.

Najua sisi Watanzania hatuwezi kuoza binti wala kuzika mtu bila kamati. Lakini kamati ya tairi! Wamekuja watu wa chama cha Bukoba, wamevua viatu mlangoni, wamefungua kikao kwa sala. Mwenyekiti kachaguliwa Nickson, yule dereva wa teksi mwenye mdomo. Valeria kafanywa katibu bila kuulizwa, kwa hiyo alikuwa anaandika kwa mkono mmoja na kukoroga ndizi kwa mkono mwingine.

Nickson kasimama, kashika tumbo. "Ndugu wajumbe, theluji si ya kuchezea. Tununue tairi za baridi, zile zenyewe kabisa, basi."

Evodius kakohoa. Huyu mtu hukohoa kabla ya kusema, utadhani anaomba ruhusa kwa koo lake. Kasema, kwa heshima ya Kihaya, "Ta Nickson, tairi za baridi mpira wake ni laini. London haina baridi hiyo. Msimu mzima mvua tu na vuguvugu. Zitalika barabarani kabla hatujauona mlima, na kwenye lami yenye mvua na joto hazisimami vizuri. Sisi mlimani tunakwenda mara moja, mara mbili kwa mwaka."

"Basi bakini na za kiangazi."

"Za kiangazi baridi ikishuka zinakuwa ngumu kama gongo. Kwenye theluji ni kama kuvaa sahani miguuni."

"Basi uwe na seti mbili, ubadilishe!"

"Nyingine nitaiweka wapi?"

Wote wakageuka kutazama baraza langu nje ya dirisha, penye ndoo zangu za mchicha. Nikamwambia Valeria, "Waambie wajumbe atakayegusa mchicha wangu nitamkanda na yeye."

Kikao kikaahirishwa, wakala. Walikula vizuri mno kwa watu ambao hawajaamua kitu.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua. Lydia kapiga. Miguu imevimba. Nimemwambia aiweke juu ya mto. Kauliza, "Bibi, you're definitely coming?" Nimesema nikikosa tairi nitakuja na ungo.

Jumamosi, 29 Novemba

Leo tumekwenda kwenye duka la tairi, Evodius na Valeria mbele, mimi nyuma. Duka linanuka mpira hadi kooni. Nikaona tairi moja pembeni, kashata zake, yale meno ya mpira, kubwa kama vigae, ile mipasuko ya kushika ardhi unaweza kuficha kidole kizima. Nikaipiga teke. Nikasema, "Hii! Mwambie mume wako hii ndiyo tairi. Kwetu lori la kahawa lenye tairi hii lilipanda kilima cha matope na sisi kumi na wanne juu ya magunia."

Yule kijana wa duka, alipotafsiriwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ni ya matope, ya magari ya shamba, kwenye gari letu dogo haiingii hata ukisukuma kwa shoka. Nilimtazama mpaka kicheko kikamwisha.

Evodius hakucheka. Alikuwa amepiga magoti anasoma maandishi ubavuni mwa tairi moja baada ya nyingine, anapitisha kidole kama padre kwenye misale. Kasoma mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Kisha kainuka, kajifuta magoti, kakohoa. Kasema, "Nitafikiri."

Hatukununua kitu!

Bwana huyu akiunguliwa na nyumba atafikiri kwanza atoke na mlango upi.

Jumatano, 3 Desemba

Senene, wale panzi wetu, zimefika kutoka nyumbani, kaja nazo mtu wa ndege. Zimekaangwa vizuri. Nimetenga kopo la Lydia nikalifunga kwa gundi, maana namjua Nickson.

Jumamosi, 6 Desemba

Kamati tena. Ndizi tena. Nickson kaja na wazo. Anasema gari linavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo zinunuliwe tairi mbili tu za baridi, zifungwe mbele, nyuma zibaki za zamani. "Nyumbani nani anabadilisha nne kwa mpigo? Tunabadilisha mbili mbili, na tumezeeka salama."

Nikasema moyoni, hatimaye mwanaume. Nikapiga makofi.

Evodius kakohoa. "Mbele itashika, nyuma itateleza. Gari litazunguka. Nne, au tusiende."

Au tusiende! Nimeyasikia kwa masikio yangu. Nikaingia chumbani nikafunga mlango kwa nguvu, halafu nikaufungua nikaufunga tena, kwa sababu mara ya kwanza Valeria alikuwa amewasha bomba na hakusikia.

Nickson kasema yeye kesho anafunga mbili zake mbele. Mtu wa vitendo.

Jumapili, 14 Desemba

Nimemuuliza Valeria alimpendea nini. Kasema, "Mama, hajawahi kunivunjia kitu." Nimesema hata kabati halivunji kitu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Joto la kutoka na gauni. Nimesimama barazani nikasema kwa sauti, majirani wasikie: "Theluji yenyewe iko wapi?" Evodius alikuwa ndani anamenya vitunguu. Kamwambia Valeria, "Mwambie mama theluji haiko Tottenham, iko kwa Lydia."

Nikamwambia Valeria wali wake umeshika chini.

Jumatatu, 5 Januari

Lydia halali vizuri. Ian kamtengenezea kiti. Kiti ni kizuri, lakini kiti hakijui kukanda.

Nimeuliza habari ya treni. Valeria kasema kutoka kituo cha mwisho mpaka kwa Lydia ni mlima mtupu, na mimi nina goti moja zima, mkungu mmoja wa ndizi, sufuria mbili na kopo la senene. Nimeamua. Nitakwenda na Nickson. Nimempigia, kasema, "Mama, Jumamosi asubuhi uwe mlangoni."

Jumamosi, 10 Januari

Naandika nikiwa kitandani, na kiuno kimefungwa kanga.

Leo London nayo imepata theluji, nyepesi, kama mtu kapepeta unga. Nickson kaja kwa honi. Evodius alikuwa kasimama ngazini. Hakunizuia, hawezi, ni mkwe. Kamwambia Valeria tu, "Mwambie mama avae mkanda." Nikasema, "Mwambie nilishavaa kanga mbili." Lakini mkanda niliuvaa.

Nickson kasema tupitie kilima cha Alexandra Palace kwanza, anionyeshe tairi zake zinavyofanya kazi. Kupanda, tulipanda. Hilo silikatai. Mbele ilishika kama kucha. Nickson anaimba. Nami nikawa najiandalia maneno ya kumwambia Valeria.

Kushuka ndiko kulikotokea. Kwenye kona kakanyaga breki, mbele ikatii, nyuma ikakataa. Nyuma ya gari ikaamua kwenda mbele. Nikaona mti, nikaona mbwa na mwenye mbwa, nikaona nyumba zote za London, kisha nikauona tena ule mti. Tuliposimama tulikuwa tunatazama tulikotoka. Mkungu wangu ulikuwa kiti cha mbele na sufuria ilikuwa kichwani mwa Nickson, imemkaa vizuri tu.

Alikuwa haimbi tena. Nikamwambia, "Mwenyekiti, kikao kimeahirishwa."

Tumerudi kwa mwendo wa jongoo. Evodius alikuwa palepale ngazini. Kauchukua mkungu, kazichukua sufuria, kapanda navyo ghorofa ya tatu. Neno hakusema. Mtu mwingine angesema hata moja. Mimi ningesema kumi.

Jumanne, 13 Januari

Zimefungwa. Nne. Kumbe alikwishaziagiza siku nyingi, zilichelewa kufika. Ni tairi za misimu yote. Valeria kanieleza: si laini sana za kulika London, si ngumu sana za kuteleza milimani, na ubavuni zina alama ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake ua la theluji. Asiyeiona alama hiyo asidanganywe na jina. Ndicho alichokuwa anakitafuta kwa kidole siku ile dukani.

Nilikuwa barazani namwagilia mchicha. Nikamwona huko chini kwenye maegesho, mvua inampiga kichwani, anakwenda na kusimama ghafla, anakwenda na kusimama ghafla, peke yake, kisha anashuka kuangalia. Nikarudi ndani. Sikusema kitu, kwani Valeria alikuwa kazini na hapakuwa na wa kumpitishia.

Jumatatu, 19 Januari

KAJIFUNGUA! Kabla ya siku zake. Mtoto wa kike, jina lake Lila, mzima, anapiga kelele za ukoo wetu. Lydia katoka damu nyingi lakini hatari imepita, kesho wanamrudisha nyumbani. Kanipigia mwenyewe. Alikuwa analia tu, na mimi nikalia, na Ian nyuma naye nadhani alikuwa analia au ndivyo lugha yao ilivyo.

Jumanne, 20 Januari

Balaa. Wodini kwa Valeria wauguzi wanaumwa, kanyimwa ruhusa mpaka wiki ijayo. Anayeweza kuniendesha ni Evodius peke yake.

Mama mkwe na mkwe wake, ndani ya gari moja, bila mtu wa katikati, kutoka London mpaka Uskochi! Nimesema haiwezekani. Marehemu mama yangu akijua atakuja kunivuta masikio.

Valeria, akiwa na sare yake ya kazi, kanisimamia, mikono kiunoni. "Mama, adabu itamkanda Lydia?"

Nimefunga mzigo.

Alhamisi, 22 Januari. Kwa Lydia

Jana tulitoka alfajiri. Nilikuwa nimetundika kitenge kati ya viti vya mbele na vya nyuma, nimekibana na vibanio vya nguo. Yeye huko, mimi huku, kila mtu na heshima yake. Nikampigia Valeria, nikaweka simu kwenye sauti kubwa.

"Mwambie mume wako apunguze mwendo."

"Mama, niko kwa mgonjwa. Evodius, punguza."

"Valeria, mwambie mama niko kwenye foleni. Gari limesimama."

Tukaenda hivyo. Tulipofika kwenye barabara kuu Evodius kakohoa. "Valeria, mwambie mama, samahani sana, kitenge kimeziba kioo cha nyuma. Lori likija siwezi kuliona."

Heshima ni kitu kikubwa lakini lori nalo ni kubwa. Nikakishusha. Sasa nikigeuka huku naona macho yake kwenye kioo, yeye akiangalia nyuma anaona ya kwangu. Nikavaa miwani ya jua ya Valeria niliyoikuta mfukoni mwa kiti. Nikakaa hivyo mpaka Uskochi, mvua yote ile, watu kwenye vituo vya mafuta wakiniachia njia.

Sehemu ya chini yote ilikuwa mvua na vuguvugu, kama Tottenham. Gari lilikwenda kimya, halikulalamika. Kisha milima ikaanza. Mvua ikawa nyeupe. Pembeni tukaona gari kubwa la kifahari limelala mtaroni, mwenyewe kasimama kando anaongea na simu kwa hasira. Evodius kapunguza, kashusha kioo, kamuuliza kama ni mzima. Mzima. Tukaendelea. Nikatazama mikono yake kwenye usukani. Haikukaza, haikulegea. Ilikuwa imeshika usukani kama mtu anayemvusha mgonjwa barabara.

Tukafika chini ya kilima cha mwisho. Taa ya nyumba ya Lydia naiona juu kule. Barabara haionekani, nyeupe tupu. Evodius kasimamisha gari.

"Valeria, mwambie mama, tukianza kupanda hatusimami. Au tungoje gari la kumwaga chumvi ya kuyeyusha theluji, lakini linaweza lisije leo. Anaonaje?"

Valeria kimya. Nikatazama simu. Mtandao umekata.

Sikujua la kufanya. Yeye naye hakujua. Tukakaa. Kifuta kioo kinakwenda huku na huku. Juu kule kuna mjukuu wangu ana damu pungufu na maziwa yanamuuma, anangoja maji ya moto, na mimi niko hapa chini nashindwa kufungua mdomo.

Nikaishika ile simu iliyokufa, nikaiweka mdomoni. "Valeria," nikasema, "mwambie mume wako amesoma tairi hizi tangu Novemba. Mimi sijazisoma. Akiona zinaweza, apande."

Kakohoa. Akaielekea simu. "Valeria, mwambie mama zinaweza."

"Valeria, mwambie basi apande, anangoja kamati?"

Akapanda. Taratibu, gia ya chini, bila kuvutavuta. Theluji inalia chini yetu kama mtu anatafuna mkate mkavu. Katikati ya kona gari likaserereka upande, kidogo tu, moyo wangu ukahamia kwenye goti bovu. Nikapiga kelele, si kwa simu, kwa mdomo wangu mwenyewe:

"Evodius! Baba! Mlango wa Lydia ule pale, usiuache!"

"Siuachi, mama."

Na hakuuacha. Tairi zikauma, gari likanyooka, tukapanda mpaka mlangoni. Nilivua miwani ili nione ngazi.

Nimemkanda Lydia jana jioni na leo asubuhi. Tumbo, mgongo, miguu. Alilia mwanzo, kisha akalala ameshika kanga yangu. Lila ana masikio ya Valeria. Senene Lydia kala nusu kopo. Ian kala mbili, kwa ujasiri.

Ijumaa, 23 Januari

Evodius alikuwa aondoke leo asubuhi, kazini wanamhitaji. Tangu tufike, hajampakata mjukuu wake. Chumba cha mzazi nipo mimi, na nilipo mimi yeye haingii. Alimwona kwa mbali, Ian kamshika mtoto mlangoni.

Jana, baada ya kumaliza kumkanda Lydia, ilibaki beseni nzima ya maji ya moto. Nikavaa makoti mawili nikatoka nje. Asante siwezi kumwambia uso kwa uso, na Valeria hapatikani. Lakini tairi zake sijakatazwa na mila yoyote. Nikachovya kitambaa, nikazikanda. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nilitoa chumvi na tope, nikasugua mpaka ule mlima wa vilele vitatu ukaonekana. Maji yaliyobaki nikayamwaga yote palepale chini, yazipe joto. Nilipoinua kichwa Evodius alikuwa dirishani. Akageuza uso, kwa adabu.

Leo asubuhi gari halitoki. Limekaa juu ya barafu ngumu, laini kama kioo, magurudumu yote manne yamegandia ndani yake. Ian kazunguka gari kajikuna kichwa. Kasema barafu ya namna hii hajawahi kuiona ikitokea chini ya gari moja tu, ua zima ni theluji. Tairi za misimu yote, kumbe hazikuambiwa kuhusu msimu wa beseni.

Mtandao umerudi mchana. Valeria kapiga. "Mama, Evodius anauliza, barafu hiyo imetoka wapi?"

"Mwambie mume wako hii ni Uskochi."

Akakata, akampigia yeye. Kisha namsikia Evodius kwenye simu ya Ian huko jikoni, anakohoa. "Valeria, mwambie mama haina haraka. Kazini nimeshawaambia nimekwama."

Basi nikasema goti linaniuma, nataka kupumzika chumba cha nyuma, nikaenda nikafunga mlango. Kwa nguvu, mara moja tu, ili asikie kwamba nimeshatoka kwa mzazi. Nikamsikia akivua viatu. Nikamsikia Lydia akimwambia kaa hapa, Daddy, shika kichwa. Kisha nikamsikia akimsemesha Lila Kihaya, pole pole, bila kukohoa hata kidogo.